Uzio wa Wifi Yetu Kule Ivuna

Wengi wetu tunaijua Tunduma, mji wa mpakani wenye malori yanayopanga foleni kuingia Zambia na biashara isiyolala. Lakini ukiuacha mji huo, ukazipita nyanda za kahawa za Mbozi, kisha ukateremka kuelekea Ziwa Rukwa, unafika upande mwingine kabisa wa Mkoa wa Songwe. Huko ndiko iliko Ivuna, katika Wilaya ya Momba. Na huko ndiko tulikokwenda Agosti iliyopita, sisi ndugu wawili, kumsaidia wifi yetu kujenga na kupaka rangi uzio wa bustani yake.

Huenda msomaji akacheka. Safari ya siku nzima kwa ajili ya uzio? Hata sisi tulicheka wifi alipotupigia simu. Lakini alivyoendelea kueleza tulinyamaza. Uzio wake wa zamani ulikuwa umemgharimu bustani nzima, ada ya mtoto na urafiki wa miaka 11. Tukafunga mizigo.

KUTEREMKA BONDENI

Tuliondoka Vwawa alfajiri tukiwa tumevaa sweta, kwa maana Mbozi ni nchi ya juu na Agosti baridi yake huuma. Pale Mlowo tuliiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kushika njia ya Kamsamba. Mwanzoni unapita mashamba ya kahawa na mahindi, na nyumba za matofali ya kuchoma. Baadaye nyumba zinapungua, miti ya porini inaongezeka, na njia inaanza kuteremka.

Hapo ndipo mtu anapoelewa maana ya Bonde la Ufa. Tawi lake la magharibi linapita huku, na Ziwa Rukwa limelala ndani yake, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mito inaingia ziwani lakini hakuna mto unaotoka, kwa hiyo maji yanabaki yakikaushwa na jua na kuacha magadi na chumvi. Kila tuliposhuka, joto lilizidi. Tulivua sweta, kisha tukafungua vitenge mabegani, na mwishowe tukaomba dirisha lifunguliwe hata kama vumbi litaingia.

Chini kabisa ni tambarare pana. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, mabua yamebaki. Ufuta nao ulikuwa umeuzwa. Na kila upande tuliotazama kulikuwa na ng'ombe, makundi kwa makundi, wakitembea taratibu kutafuta malisho katika nchi iliyokauka. Tulipowaona tuliangaliana. Bustani ya mboga mbichi katika nchi kama hii, wakati wa kiangazi, ni kama sahani ya wali iliyoachwa mlangoni.

Wifi alitupokea njiani na ndoo ya maji ya kunywa. Kaka yetu alikuwa shambani. Binti yao mkubwa, ambaye ameolewa na alikuwa amerudi kwa mama yake kwa sababu ya ujauzito wa kwanza, alitutandikia mkeka chini ya mwembe. Tulipumzika hadi jua likapoa.

NCHI YA CHUMVI

Jioni kaka alituzungusha kidogo, maana hatukuwa tumewahi kufika. Ivuna ni mahali padogo, lakini jina lake limekwenda mbali kuliko wengi wetu tunavyojua.

Kwanza ni chumvi. Ardhi ya hapa ina chumvi, na watu walijua kuitumia tangu zamani sana. Mwaka 1966 watafiti Brian Fagan na John Yellen walichimba hapa na kukuta mabaki ya vyungu na makazi ya watu waliokuwa wakitengeneza chumvi zaidi ya miaka 500 iliyopita. Fikiria, mama mwenzangu: kabla ya duka, kabla ya barabara, kulikuwa na watu hapa waliokuwa wakichemsha maji ya chumvi vyunguni ili mboga ya mtu fulani mbali na hapa ipate ladha.

Pili ni jiwe. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna. Hakikuwa kikubwa kama kile cha Mbozi, ambacho ni pande la chuma la tani nyingi na ambacho wanafunzi wetu hupelekwa kukitazama. Hiki cha Ivuna kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 700 na kidogo tu. Lakini ni cha aina adimu sana, laini, ambacho kikiachwa nje kwenye mvua hubomoka. Kimedumu kwa sababu kiliokotwa mapema na kutunzwa pakavu. Wataalamu duniani kote hulitaja kundi la vimondo vya namna hii kwa herufi mbili, CI, na hiyo I ni Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Wajapani kilipoleta duniani mchanga kutoka kwenye sayari ndogo iitwayo Ryugu, wataalamu waliulinganisha na vimondo vya kundi hilo, wakaona vinafanana mno.

Kaka alimaliza kueleza, kisha akasema kwa masikitiko, "Jiwe limetoka mbinguni likatunzwa. Uzio wangu niliujenga mwenyewe, na mvua moja tu ikauangusha." Wifi alitazama pembeni. Tukajua ndipo penye jeraha.

UZIO WA WAGENI

Habari yenyewe ni hii. Mwaka juzi wageni walikuwa wanakuja kwa ajili ya mahari ya binti. Kila mama anajua siku kama hizo zilivyo. Nyumba inafagiliwa hadi nyuma ya choo, vikombe vinaazimwa, na mambo yote yaliyosubiri miaka mitatu yanataka kumalizika kwa wiki moja. Bustani ya wifi, yenye mita 8 kwa 6, ilikuwa na wigo wa miiba. Kaka akaona haupendezi. Akanunua mirunda mibichi na mabanzi, yaani yale mapande ya pembeni yanayobaki gogo linapopasuliwa mbao, akasimamisha uzio kwa siku mbili, na siku ya tatu akaupaka rangi ya mafuta ya kijani. Fedha ya rangi ilitoka kwenye upatu wa wifi.

Wageni walisifu. Picha zilipigwa mbele ya uzio. Mahari ikapokelewa, na watu wakala wakashiba.

Lakini mirunda ilikuwa bado ina maji ndani. Mabanzi yalikuwa na magamba yake. Rangi ilipakwa saa sita mchana, juu ya vumbi, bila msasa wala rangi ya kwanza. Mvua za Novemba zilipoanza, rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, kisha ikaanza kubanduka. Misumari ya kawaida ikala kutu upesi kwa sababu ya chumvi ya ardhi hii. Chini, mahali pasipoonekana, mchwa walikuwa wameingia kwenye mirunda na kuila kutoka ndani. Kwa nje uzio ulikuwa bado umesimama.

Usiku mmoja wa Februari ng'ombe wa jirani waliuegemea. Asubuhi hakukuwa na chainizi, hakukuwa na mchicha, wala nyanya zilizokuwa zimeanza kuwiva. Mboga hizo ndizo zilizokuwa zinamlipia kijana wa mwisho shule.

Wifi hakwenda kwa jirani. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kurudi naye hadi kwenye mji wa jirani, mbele ya watu. Jirani huyu ni mama mtu mzima, ambaye alikuwapo wifi alipojifungua watoto wawili wa mwisho. Maneno yalikuwa makali pande zote mbili. Tangu siku ile hawakusalimiana. Wakikutana kisimani kila mmoja alijishughulisha na ndoo yake.

OMBI LA MKOKOTENI

Safari hii vifaa vilinunuliwa kwa utaratibu. Tulichanga, na kaka aliongeza fedha ya ufuta. Tulinunua nguzo 15 za mlingoti zilizokaushwa na kutiwa dawa ya mchwa kiwandani, na mabanzi ya msindano yaliyokuwa yamekaa kivulini miezi kadhaa. Lori liliyashusha barabarani. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mwendo wa karibu saa nzima, na mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa karibu ni mmoja tu. Ulikuwa wa yule mama jirani.

Kaka alisema atatafuta kwingine. Wifi alikaa kimya muda mrefu akichambua mchele, kisha akasema, "Twendeni."

Tulimkuta mama akifuma mkeka uani.

"Shikamoo, mama," wifi alisema.

"Marahaba." Hakuinua macho. Baada ya kitambo akasema, "Kaeni." Mjukuu akaleta vigoda.

"Mama, nimekuja na mawifi zangu. Nina shida ya mkokoteni."

"Shida unayo tangu Februari," mama akajibu. "Ng'ombe wangu walikula mboga zako, nililiona asubuhi ile ile. Nikakaa hapa hapa nikikusubiri uje unidai kama mtoto anavyomdai mama yake. Wewe ukaja na mwenyekiti."

Wifi hakuwa na jibu. Sisi tulitazama chini. Hatukuwa tumeisikia habari kutoka upande huu.

"Na ule uzio wenu, mwanangu, ulikuwa na sura. Haukuwa na miguu."

Wifi alianza kutabasamu, lakini machozi yakamtangulia. "Ni kweli, mama. Nilikosa. Ningekuja kwanza kwako."

Mama aliendelea kufuma safu nzima kabla ya kusema tena. "Mkokoteni upo. Ng'ombe wale wale waliokula mboga ndio watakaokuvutia mbao."

KAZI ILIYO CHINI YA RANGI

Sasa, akina mama, tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa tulijifunza mengi na tungependa yawafae. Kazi ilichukua siku tisa. Katika hizo tisa, rangi na chokaa vilichukua siku tatu tu. Sita zote zilikuwa za maandalizi.

Siku ya kwanza tuliubomoa uzio wa zamani na kuchambua mbao. Mirunda ilikuwa mitupu ndani kama filimbi. Mabanzi ya upande wa mbele, unaotazama njia, yalikuwa bado mazima, tukayaweka ili yatumike tena. Hayo tutayarudia.

Siku ya pili tuliyamenya mabanzi mapya. Magamba ya mti ni nyumba ya wadudu, na yanashika maji kama sifongo. Yakiachwa, rangi inakaa juu ya gamba, si juu ya mbao, na gamba linapoanguka linaondoka na rangi yako. Tulitumia panga na jembe la zamani lililonolewa. Usiku ule mikono yetu ilituuma.

Siku ya tatu tulichimba mashimo, moja kila baada ya mita mbili, kwa kufuata kamba iliyonyooshwa. Kila nguzo ina urefu wa mita 1.8, na sentimeta 60 kati ya hizo ziko chini ya ardhi. Chini ya shimo tuliweka kokoto ili maji yasituame. Udongo ulirudishwa kidogo kidogo na kushindiliwa kwa mtaimbo kila mara, si mara moja mwishoni. Juu ya ardhi tuliulundika kidogo kuzunguka nguzo ili mvua iteremke nje. Nguzo nyingi huanza kuoza pale inapokutana na uso wa ardhi, kwa kuwa hapo kuna unyevu na hewa pamoja. Vichwa vya nguzo vilikatwa mshazari ili maji yasikae juu.

Wazee wa hapa walikuwa wakichoma moto sehemu ya nguzo inayoingia ardhini, na kaka alipendekeza pia kupaka oili chafu ya magari. Kuchoma kunasaidia kidogo, ingawa mchwa wa bonde hili hawatishwi na masizi peke yake. Ama oili chafu, tuliikataa. Ina mabaki ya madini na uchafu wa injini, na tulikuwa tunazungushia mboga za kuliwa. Jambo jingine la kuangalia ni mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa. Usiyatumie kama kuni kamwe. Dawa hiyo ina sumu, na moshi wake na majivu yake yana sumu pia. Tulivikusanya vipande vyote vilivyokatwa tukavizika mbali na kisima na bustani.

Siku ya nne na ya tano tulipigilia mbao za kulala, mbili kila upande, kisha mabanzi yakasimama juu yake. Tulitumia misumari iliyopakwa zinki, isiyoshika kutu upesi. Tuliacha nafasi ya sentimeta 8 kati ya banzi na ardhi. Nafasi hiyo ina kazi. Mchwa akitaka kupanda kutoka ardhini hana budi kujenga njia yake ya udongo mahali pa wazi, nawe utaiona na kuibomoa. Kwa ajili ya vifaranga tulipanga mawe madogo, yasiyogusa mbao.

Siku ya sita ilikuwa ya msasa, na hapa tunaomba usikilize vizuri.

WATOTO NA RANGI YA ZAMANI

Yale mabanzi ya mbele yalikuwa na ile rangi ya kijani inayobanduka. Rangi mpya haishiki juu ya rangi inayobanduka, kwa hiyo lazima ya zamani itoke. Watu wengi huichukua msasa mkavu na kuikwangua, vumbi likiruka, watoto wakicheza pembeni.

Rangi nyingi za mafuta, hasa za zamani na zile za rangi kali kama njano, nyekundu na kijani, zimekuwa zikitengenezwa na madini ya risasi ndani yake. Risasi huharibu ubongo wa mtoto anayekua na humpunguzia uwezo wa kujifunza. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wala mtoto hahitaji kula rangi ili adhurike. Vumbi lililotua mikononi mwake, naye akaweka mkono mdomoni, linatosha.

Kopo la kaka halikuwa na maandishi yoyote kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo tulifanya kama vile risasi ipo. Binti mwenye ujauzito alitumwa kwa yule mama jirani pamoja na watoto wote. Tulitandika turubai mbali na bustani, tukafunga vitambaa puani na mdomoni, tukalowesha mbao kwa maji na kuzikwangua zikiwa mbichi ili vumbi lisiruke. Mabaki hatukuyachoma moto. Tuliyafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuyatupa kwenye shimo refu mbali na kisima. Tulinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Ukinunua rangi mpya, mama, soma kopo. Chagua lililoandikwa kwamba halina risasi. Likikosa maandishi, muulize muuzaji, na asipojua nenda duka jingine.

RANGI MBELE, CHOKAA NYUMA

Rangi ya mafuta ni ghali, nasi hatukuwa na fedha ya kupaka uzio wote. Tukapiga hesabu. Upande wa mbele una mita 8 kwa kimo cha mita 1.2. Kwa pande zote mbili, ukiondoa nafasi zilizo kati ya mabanzi, ni karibu mita 13 za mraba. Lita moja ya rangi hupaka kama mita 10 za mraba kwenye mbao laini, na pungufu kwenye mbao zenye nyuzi. Basi lita 2 za praima na kopo la lita 4 la rangi ya juu zilitosha, pamoja na lango. Pande tatu nyingine tuliamua kuzipaka chokaa.

Rangi tuliipaka asubuhi umande ukishakauka, na jioni jua likishapungua. Mchana wa Ivuna mbao zina moto, na rangi ikipakwa juu ya mbao zenye moto hukauka usoni kabla ya ndani, kisha hufanya malengelenge. Kwanza tulifuta vumbi kwa kitambaa. Macho ya mbao, pale utomvu unapotoka, tuliyapaka vanishi ya shelaki ili utomvu usipenye. Mashimo ya misumari tuliyaziba kwa puti. Ikafuata praima, siku moja ya kukauka, msasa mwepesi, kisha rangi ya juu mara mbili. Tulipiga brashi kwa kufuata nyuzi za mbao. Sehemu tuliyoipa rangi nyingi kuliko zote ni ncha zilizokatwa, juu na chini ya kila banzi, kwa sababu mbao hunywa maji kupitia ncha zake kama mtu anavyonyonya soda kwa mrija. Na ndizo sehemu ambazo watu husahau, kwa kuwa mpita njia hazioni.

Chokaa ilikuwa kazi ya furaha zaidi. Kwa kilo 10 za chokaa tuliyeyusha kilo 3 za chumvi kwenye maji, tukaimimina chokaa ndani ya maji hayo polepole huku tukikoroga, ikawa nzito kama maziwa. Chumvi huisaidia chokaa ikauke taratibu na kushika vizuri. Wifi alicheka aliposikia. "Chumvi iliyokula misumari yangu leo inanifanyia kazi!" Ni kweli, lakini ni kweli pia kwamba chumvi hiyo hiyo inaweza kuila tena. Kwa hiyo vichwa vyote vya misumari vilipakwa praima kwanza. Chokaa hushika vizuri kwenye mbao ambazo hazikupigwa randa. Kwenye mbao laini hubanduka, na juu ya rangi ya mafuta haishiki kabisa. Isikuingie machoni, kwani inaunguza. Sisi tulivaa miwani na soksi mikononi, na watoto walitazama kutoka mbali.

Siku ya nane yule mama jirani alikuja na wajukuu wake wawili. Hakusema amekuja kufanya nini. Alichukua brashi ya chokaa akapaka banzi tatu za upande wa magharibi, ule unaotazama zizi lake, kisha akarudi nyumbani kupika. Jioni alituma maziwa.

TULIPOONDOKA

Asubuhi ya kuondoka tulimkuta mama huyo amesimama kwenye kona ya bustani. Alishika nguzo ya kona kwa mikono miwili na kuisukuma kwa nguvu zake zote. Haikutikisika.

"Huu una miguu," akasema.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kimenyooka. Mboga zilizoliwa hazikulipwa, na ada ya mtoto ililipwa kwa kukopa. Wifi anasema bado kuna siku ambapo salamu ni fupi. Lakini salamu ipo, na wanakwenda kisimani pamoja.

Januari alitupigia simu. Mvua ilikuwa imeosha chokaa ya upande wa magharibi, kama tulivyotarajia, kwa kuwa chokaa hutaka kurudiwa kila mwaka. Rangi ya mbele ilikuwa nzima. Chini ya banzi moja aliona njia ya udongo ya mchwa ikianza kupanda, akaibomoa kwa kidole. Na binti amejifungua salama mtoto wa kike. Aliyeitwa usiku ule kuja kusaidia alikuwa mama jirani.

KABLA HUJAFUNGUA KOPO LA RANGI

• Hakikisha mbao zimekauka na magamba yote yametoka.
• Anza kazi kiangazi, usingoje wiki ya wageni.
• Tumia nguzo zilizotiwa dawa. Usipikie mabaki yake.
• Inua mabanzi kutoka ardhini, na ukague kila wiki kama kuna njia za mchwa.
• Rangi ya zamani ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, watoto na wajawazito wakiwa mbali.
• Praima kwanza, kisha rangi mara mbili, asubuhi au jioni. Usisahau ncha za mbao.
• Fedha ikiwa haba, paka rangi mbele na chokaa nyuma.
• Na kama una neno na jirani yako, nenda kwake mwenyewe kabla hujaita mtu mwingine.